Ustadi wa Kuwahesabu Maskini

Siku hizi asilimia ya umaskini hutajwa jukwaani, ikarudiwa redioni, na hakuna anayeuliza aliulizwa nani na nani aliachwa. Anthony Atkinson, mchumi Mwingereza aliyefariki Januari mosi 2017, aliifanya kazi ya kuwahesabu maskini kwa adabu nyingine. Mwaka 1970 alionyesha kwamba kila kipimo cha pengo la kipato kina msimamo ndani yake: anayekichagua ameshaamua shilingi ya maskini ina uzito gani mbele ya shilingi ya tajiri, na uungwana ni kuusema uamuzi huo waziwazi.

Ustadi wake unaonekana vizuri zaidi alipozigeukia ripoti za kodi ya mapato za Afrika Mashariki ya enzi ya mkoloni. Ni majedwali makavu: ngazi ya kipato, idadi ya walipaji, jumla ya mapato yao. Waafrika walio wengi hawamo. Wao walidaiwa kodi ya kichwa au ya kibanda, na serikali haikujali walipata nini. Mtafiti mvivu angeyatupa majedwali hayo, au angeyalazimisha kusema yasiyoyajua. Atkinson aliyauliza swali yanaloliweza tu: wale wachache wa juu walijichukulia fungu gani la pato la nchi nzima? Na pato hilo lenyewe lilibidi likadiriwe kutoka kwingine, kwa tahadhari.

Wako wanaosema maskini hali takwimu. Kweli, lakini unga wa msaada humfikia aliyeandikwa. Tume ya Benki ya Dunia aliyoiongoza ilikumbusha mwaka 2016 kwamba tafiti za kaya hugonga milango, hivyo humkosa asiye na mlango, na ikataka makadirio yatolewe pamoja na kiasi cha makosa yake. Wengine watasema picha za setilaiti zinatosha. Zinasaidia, ila bati jipya halisemi kama waliolala chini yake wamekula.

Mauti yalimkuta akiandika kitabu cha kupima umaskini duniani, akipitia ripoti za nchi 60. John Micklewright na Andrea Brandolini walikihariri, kikatoka 2019 bila kukamilika. Vijana wenye kipaji cha kazi hiyo wapo. Wanaajiriwa kutoa tarakimu kabla ya mkutano wa Ijumaa, na ni nadra kumpata atakayewalipa wakae mwezi mzima na jedwali moja.