Fundi wa Mwanga Juu ya Jiwe Jeusi

Goma, mashariki mwa Kongo, imejengwa juu ya jiwe linalomeza mwanga. Lava ya volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002, iliyopita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu na kuliharibu Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, ilipopoa iliacha mwamba mweusi: jua likiupiga, mwanga mchache tu hurudi machoni, mwingi hugeuka joto. Watu walirudi wakajenga juu ya lava hiyohiyo, kuta za mbao na paa la mabati. Jiwe halipitishi mwanga, ubao haupitishi, bati halipitishi. Mji usiofika nyuzi mbili kusini mwa ikweta, jua la adhuhuri likiwa karibu utosini, ungeweza kuwa na vyumba vya giza mchana kutwa. Aliyezuia hilo ni fundi aliyejua wapi mwanga uzuiwe, wapi upite wote, na wapi upite ukiwa umetawanywa. Ujuzi huu wa tatu ndio tunaouacha ufe.

Katika mitaa iliyobanana kama Majengo na Katoyi, kioo kisafi hupitisha karibu asilimia 90 ya mwanga, lakini hupitisha pia macho ya jirani. Fundi mzuri hakujibu kwa kuziba dirisha. Chini aliweka kioo cha ukungu, ambacho uso wake uliokwaruzwa huutawanya kila mwale: mwanga unaingia, sura ya mtu inabaki nje. Juu, jicho la mpita njia lisikofika, aliweka kioo kisafi. Katikati ya mabati alipigilia bati moja la plastiki nyeupe, juu ya mahali pa kukatia mboga na kusomea watoto, ili mwanga ushuke bila kivuli kikali. Ukuta unaokabili dirisha akaupaka chokaa, maana kitu kisichopitisha mwanga nacho kina kazi yake: cheupe huurudisha chumbani. Huo ni uungwana wa kuijua nyumba kabla ya kuijenga.

Wapo watakaosema umeme wa maji ya Hifadhi ya Virunga umeondoa haja hiyo. Lakini vita vilipoingia Goma Januari 2025, sehemu kubwa ya mji ilikosa umeme, na jua liliendelea kuchomoza. Wengine husifu vioo vya rangi vinavyong'aa kwenye fremu za alumini. Kioo hicho huficha tu pale nje kunapokuwa na mwanga zaidi kuliko ndani. Usiku taa ikiwashwa, mambo hugeuka, na wenye nyumba huonekana wote. Kwa hiyo hutundika pazia zito, na mchana halifunguliwi: wamelipia kioo, wanaishi gizani. Hoja nzito zaidi ni kwamba kioo hupasuka kwa mabomu, na kwa matetemeko kama yaliyofuata mlipuko wa Nyiragongo wa Mei 2021. Ni kweli, na hapo bati la plastiki ndilo linalostahili sifa, kwa kuwa halimwagi vipande vikali juu ya waliolala. Jua hulifanya liwe la manjano na kulipasua, naam. Kulibadilisha ni kazi ya misumari michache.

Anayejenga leo Goma amwite fundi huyo kabla mbao hazijakatwa, na madirisha yapangwe kwanza.