Mcheza Kwao Hutunzwa. Na Aliyekopa Hatua?

Kwani ngoma ya kiasili inaweza kuwa na mtunzi na mwaka wa kuzaliwa? Mayim Mayim ya Israeli inavyo vyote viwili. Mwaka 1937, katika kibutsi cha Na'an, kijiji cha kilimo cha pamoja, Else Dublon alipanga hatua za kusherehekea maji yaliyopatikana baada ya kutafutwa miaka mingi. Mayim ni maji. Maneno ya wimbo yametoka kwa nabii Isaya.

Zisome hatua zake vile unasoma shairi. Watu wameshikana mikono, duara. Mguu wa kulia unakata mbele ya wa kushoto, wa kushoto unaenda kando, wa kulia unapita nyuma, halafu karuko kadogo. Hilo ni wimbi. Kisha duara zima linakimbilia katikati mikono ikipanda, linarudi mikono ikishuka. Hapo kisima kinabubujika.

Kwa hivyo nawaelewa wanaonuna hatua zikibadilishwa. Toa hako karuko na wimbi linalala. Unabaki na watu wanaotembea kiubavu. Lakini ngoma ikisafiri, miguu mipya huichukua inavyoweza. Japan watoto wameifunzwa shuleni na kuicheza wakizunguka moto wa kambi. Ngoma ya maji, katikati moto! Na bado inasisimua, kwa sababu kukimbilia katikati pamoja kunaeleweka bila mkalimani.

Shida yangu iko kwingine. Wanaolinda "hatua za asili" husahau asili yenyewe ilishonwa. Hora ilitoka Romania na nchi jirani. Hatua ya Kiyemeni ililetwa na Wayahudi wa Yemen. Debka ni dabke ya Waarabu, ambayo Wapalestina wanaipiga kwenye harusi zao hadi leo. Gurit Kadman alipoandaa tamasha la Dalia mwaka 1944, taifa lilikuwa linatafutiwa ngoma kabla halijatangazwa, na vipande vilikusanywa popote vilipopatikana.

Kukopa si dhambi. Hakuna ngoma isiyokopa. Ila kuna tofauti kati ya mguu uliobadilika na deni lililofutwa. Mtoto wa Japan akiruka vibaya, mwonyeshe tena, atashika. Lakini mtu akicheza debka akakuambia ni yake tangu zamani, bila kumtaja Mpalestina, hapo usirekebishe miguu. Muulize alifunzwa na nani.