Sabufa ya Noah: besi tamu, fyuzi mahali pabaya

Ukiwa stendi ya Lembeni, ile Noah ya kwenda Same unaisikia kabla hujaiona. Sabufa yake ya inchi 12 imeundwa na fundi wa palepale, boksi la plaiwudi, na nasema wazi: kazi nzuri. Besi inagonga kifuani na bado maneno ya mwimbaji unayasikia.

Kasoro ndogo ni ule mlio wa "fss" besi ikishuka. Dereva huufunika kwa kuongeza sauti. Haisaidii. Spika ikisukuma hewa mbele, nyuma inaivuta. Pande hizo mbili zikikutana zinafutana, na boksi lipo ili zisikutane. Wimbi la mitikisiko 40 kwa sekunde lina urefu wa mita 8.6 hivi, karibu Noah mbili, kwa hiyo halijali kuzunguka boksi. Fundi kaziba viungo vyote kwa silikoni, kasahau tundu la waya tu.

Kinachonitisha ni fyuzi. Ipo, ila imefungwa nyuma, pembeni ya amplifaya. Hapo inailinda amplifaya; waya mrefu unaotoka kwenye betri, chini ya zulia, hauna mlinzi. Ukichubuka ukagusa bodi, betri itamwaga mamia ya ampea bila kupita kwenye fyuzi kabisa. Waya utawaka, abiria wakiwa juu yake.

Nilimwonyesha dereva. "Mbona fyuzi ipo, kaka?" Ihamishwe sentimita 20 kutoka kwenye betri. Ni kazi ya nusu saa.