Kutua kwa Perseverance: Namna Habari Ilivyofika Duniani

Matangazo ya kutua kwa gari-roboti Perseverance kwenye sayari ya Mirihi, usiku wa Alhamisi tarehe 18 Februari 2021, yaliitwa mubashara, na kwa kiasi fulani yalikuwa hivyo. Siku hiyo Mirihi ilikuwa umbali wa takriban kilomita milioni 204. Mawimbi ya redio, ingawa huenda kwa kasi ya mwanga, yalihitaji dakika 11 na ushei kuufikia upande wa pili. Mshuko wenyewe, tangu chombo kilipoigusa angahewa hadi magurudumu yalipokanyaga udongo, ulichukua kama dakika saba tu. Taarifa kwamba chombo kimeingia angahewani ilipofika JPL, maabara ya NASA iliyoko Pasadena, California, gari lilikuwa limeshafika chini kwa zaidi ya dakika nne, likiwa zima au vipande vipande.

Kwa saa za Afrika Mashariki, taarifa ya kuingia angahewani ilipokelewa saa 5:48 usiku na ile ya kutua saa 5:55. Jioni hiyo Mirihi ilikuwa jirani na mwezi uliokaribia nusu, kwa hiyo mtu wa Mugoma, wilayani Ngara, angeweza kuitambua kwa macho matupu tangu giza lilipoingia. Kufikia saa ya kutua vyote viwili vilikuwa vimeshuka sana magharibi, upande wa mipaka ya Burundi na Rwanda, na aliyeishi bondeni alikuwa ameshavikosa nyuma ya milima. Malindi, kilomita kama elfu moja mashariki zaidi, Mirihi ilikuwa imekwisha kuzama. Mtu wa Mugoma mwenye simu na bando alikuwa na nafasi ya pekee: kusikiliza habari za sayari ambayo bado ilikuwa juu ya upeo wake.

Kuchelewa kwa mawimbi ndiko kulikoamua namna kazi yote ilivyopangwa. Hakuna rubani wa duniani anayeweza kuongoza mshuko anaousikia dakika 11 baada ya kutokea. Maamuzi yote yaliachiwa kompyuta ya chombo. Kiliingia angahewani kwa kasi ya takriban kilomita 19,500 kwa saa, ngao ya joto mbele, na msuguano peke yake ukapunguza sehemu kubwa ya kasi hiyo. Kisha parachuti yenye kipenyo cha meta 21.5 ikafunguka, kilomita kama 11 juu ya ardhi. Katika safari za nyuma parachuti ilifunguliwa kwa kuangalia kasi ya chombo. Safari hii kompyuta iliangalia pia umbali uliobaki hadi shabaha. Badiliko hilo linaonekana dogo, lakini lilipunguza sana eneo ambamo gari lingeweza kuangukia. Curiosity, iliyotua mwaka 2012, ilitengewa duara-yai la kilomita 20 kwa 25. Perseverance ilitengewa la kilomita 7.7 kwa 6.6.

Hata eneo hilo dogo lilikuwa la hatari. Kasoko ya Jezero, yenye upana wa kilomita 45, ilichaguliwa kwa sababu zamani ilikuwa ziwa lililoingiwa na mto, na palipokuwa na maji ndipo pa kutafuta dalili za uhai wa kale. Lakini mto huohuo uliacha magenge, na eneo lina mawe na vilima vya mchanga. Suluhisho lilikuwa kukipa chombo ramani na jicho. Kamera iliyotazama chini ilipiga picha wakati chombo kikining'inia kwenye parachuti, kompyuta ikazilinganisha na ramani iliyotengenezwa kwa picha za satelaiti, ikajua ilipo, kisha ikachagua mahali salama panapofikika. Hapa ndipo ufundi wa safari hii ulipozidi wa zile zilizotangulia. Hatua zilizofuata zilikuwa zimejaribiwa tayari na Curiosity. Injini nane za roketi zilipunguza kasi, na kutoka meta kama 20 juu gari la kilo 1,025 likateremshwa kwa kamba hadi chini, kwa mwendo wa kilomita 2.7 kwa saa, yaani polepole kuliko mtu anayetembea. Kamba zikakatwa, na sehemu yenye roketi, iitwayo kreni ya angani, ikaruka kwenda kuanguka mbali.

Habari za haya yote zilikuja kwa njia zaidi ya moja. Njia ya kwanza ilikuwa milio ya redio iliyotumwa kutoka kwenye chombo moja kwa moja hadi duniani. Ilifanya kazi kama kubipu: haikubeba maneno wala picha, ila kila mlio ulikuwa na maana iliyoafikiwa kabla. Njia ya pili, yenye data nyingi zaidi, ilipitia Mars Reconnaissance Orbiter, satelaiti inayoizunguka Mirihi, ambayo ilipokea mawimbi ya UHF kutoka kwenye chombo na kuyasukuma papo hapo kuelekea duniani. Satelaiti nyingine, MAVEN, ilirekodi ili kitu kisipotee.

Duniani, mawimbi hayo dhaifu hupokelewa na antena kubwa za mtandao wa NASA wenye vituo Goldstone huko California, karibu na Madrid na karibu na Canberra. Vituo hivyo vimetenganishwa kwa takriban theluthi ya mzunguko wa dunia ili walau kimoja kiwe kinakiona chombo wakati wowote. Usiku ule Canberra ilikuwa imeipa Mirihi mgongo. Afrika Mashariki ina kituo chake cha anga huko Malindi, kilichojengwa na Italia. Jukwaa lake la San Marco, baharini, ndilo lililorusha satelaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Lakini kituo hicho hufuatilia zaidi roketi na satelaiti za karibu na dunia, kazi isiyohitaji antena za ukubwa ule.

Kwa hiyo mtazamaji aliona nini hasa? Aliona chumba cha wahandisi waliovaa barakoa, kwa kuwa ulikuwa wakati wa UVIKO-19, pamoja na michoro ya kompyuta iliyoonyesha chombo kikishuka. Michoro ilikuwa mizuri kiasi cha kumdanganya asiyejua kwamba hapakuwa na kamera ya kutuma video wakati uleule. Aliyestahili kusikilizwa ni mhandisi Swati Mohan, aliyesoma hatua moja baada ya nyingine kadiri data ilivyoingia, hadi akathibitisha kutua. Dakika chache baadaye zikafika picha za kwanza za kweli, zenye ukungu wa vumbi, kwa sababu vifuniko vya kamera vilikuwa bado havijatolewa.

Video halisi ilibaki kwenye kumbukumbu za gari na kutumwa kidogo kidogo. NASA iliitoa tarehe 22 Februari: parachuti ikifunguka, ngao ya joto ikidondoka, vumbi likitimka chini ya roketi. Sauti ya mshuko haikupatikana, maana kipaza sauti kilichowekwa kwa kazi hiyo hakikurekodi chochote njiani. Kilianza kunasa sauti gari lilipokuwa limeshatua. Katika video hiyo watazamaji waligundua pia kwamba mistari ya rangi mbili kwenye parachuti haikuwa pambo. Ilikuwa herufi zilizofichwa kwa tarakimu za moja na sifuri, na zilisomwa ndani ya saa chache.