Riwaya Pendwa na Msomaji wa Maktaba ya Umma

Uhakiki wa riwaya ya Kiswahili umezoea kuzungumza na watu wa aina mbili: mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani, na mhakiki mwenzetu. Msomaji wa tatu, yaani mtu mzima aingiaye maktaba ya umma jioni baada ya kazi akitafuta hadithi ya kwenda nayo nyumbani, hatujapata kumjali sana. Katika makala haya nimekusudia kueleza ni riwaya zipi ambazo ningempendekezea msomaji huyo, na kwa sababu gani. Nakiri mapema kwamba mjadala huu umezaliwa na kushindwa kwangu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita mkutubi wa maktaba moja ya kaunti aliniomba nimwandalie orodha ya riwaya za Kiswahili za kuwekwa kwenye rafu ya watu wazima. Niliifanya kazi hiyo kwa fahari ya mtu aliyerejea karibuni kutoka ng'ambo na shahada ya uzamili. Nikatanguliza Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi, nikaandamisha nyingine za mkondo huo. Nilipokwenda kutazama baada ya miezi kadhaa, karatasi za tarehe zilizogandishwa ndani ya majalada zilikuwa nyeupe karibu zote. "Mwalimu," akaniambia mama yule kwa upole, "vitabu vyako havijasumbuliwa na mtu." Kisha akanionyesha nakala kuukuu ya Mzimu wa Watu wa Kale, isiyo na jalada la nyuma, ambayo mimi sikuitaja kabisa. Karatasi yake ilikuwa imejaa mihuri pande zote mbili.

Ni rahisi kusema kwamba wasomaji wale hawajaelimika vya kutosha. Jibu hilo ndilo tulilolitoa tangu tulipoigawa riwaya yetu katika mafungu mawili, dhati na pendwa, tukaliacha fungu la pili kwa wauza magazeti. Lakini tuitazame riwaya yenyewe. Muhammed Said Abdulla alishinda kwayo shindano la uandishi la 1957–58, nayo ikachapishwa 1960. Wahakiki wamekwisha kuonyesha jinsi Bwana Msa na kiko chake anavyomkumbusha mtu Sherlock Holmes, na Najum akawa ndiye Watson wake. Ni kweli, wala mwandishi hakuuficha ufanano huo. Lililo muhimu zaidi ni kwamba katika vitabu hivi ufumbuzi hupatikana kwa kujua watu: nani ni ndugu wa nani, nani aliozwa wapi, ni aibu gani nyumba fulani imeificha. Mahali ambapo wengine huona mkono wa mzimu, Bwana Msa huuona mkono wa binadamu. Na Kiswahili chake! Mazungumzo ya barazani yamo humo pamoja na mizaha na mafumbo yake, kwa wepesi ambao riwaya zetu nyingi za kifalsafa hazijaufikia. Mimi ningemwanzishia msomaji mgeni Kisima cha Giningi (1968) mara tu baada ya hicho.

Kwa Elvis Musiba sina shangwe hiyo, ingawa sitamwondoa rafuni. Kufa na Kupona (1974) ina mbio, na Willy Gamba anapigania jambo lililokuwa na uzito mkubwa wakati ule, yaani ukombozi wa kusini mwa Afrika. Lakini wanawake wake ni pambo au mtego, na jambo hilo mkutubi asilifiche akiulizwa. Kupendekeza si kusifu kila kitu.

Mpaka baina ya dhati na pendwa huvunjika kabisa tunapofika kwa Adam Shafi. Vuta N'kuvute (1999) husomeshwa vyuoni kama riwaya ya migongano ya kitabaka na harakati za kupinga ukoloni Zanzibar, na maelezo hayo ni sahihi. Jaribu, hata hivyo, kumwambia hivyo fundi cherehani aliyesimama mbele ya meza ya mkutubi: atakushukuru, kisha ataondoka mikono mitupu. Mwambie badala yake kwamba ni hadithi ya Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mzee asiyempenda, akatoroka, akampenda Denge, kijana anayesakwa na serikali ya kikoloni. Hujamdanganya hata kwa neno moja. Ukoloni na matabaka vyote vimo katika kutoroka kule, naye ataviona mwenyewe afikapo. Hapo ndipo nilipotambua kosa langu: nilikuwa nimemwandikia mkutubi dhamira, ilhali alihitaji kuambiwa kinachotokea.

Siku Njema (1996) ya Ken Walibora ina tatizo la namna nyingine. Kwa kuwa ilipata kuwa kitabu teule, wengi waliipitia shuleni wakiwa na kalamu mkononi, wakidondoa tamathali za usemi. Naipendekeza kwa watu haohao waisome tena bila kalamu. Safari ya Kongowea kutoka Tanga hadi upande wa Kitale kumtafuta baba yake ina sadfa nyingi mno. Nimepata kuzilalamikia darasani, na sijabadili rai. Lakini kijana anayevuka mpaka akiuliza njia kwa Kiswahili, huku akiuliza yeye ni mtoto wa nani, ni kisa ambacho msomaji wa Kenya hahitaji kufafanuliwa.

Kuhusu vitabu vya karibuni nitasema kwa ufupi, maana upatikanaji wake katika rafu za kaunti bado ni wa kubahatisha. Tuzo ya Mabati-Cornell, iliyoanza kutolewa 2015, imetuletea Mungu Hakopeshwi ya Zainab Alwi Baharoon, nayo yastahili kuwekwa karibu na mlango. Peponi, yaani tafsiri ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kutoka 2022, ingefaa kupewa yule aliyekwisha kuimaliza Vuta N'kuvute, wala si kabla.

Wako wenzangu watakaosema kwamba kazi ya idara ya lugha si kuwatumikia wakutubi. Tangu Katiba ya 2010, maktaba ni jukumu la kaunti, na anayeamua kitabu gani kinunuliwe kwa fedha chache zilizopo mara nyingi hana mtu wa kumwuliza ila wakala wa wachapishaji, ambaye humwuzia vitabu vya mtihani. Tukikaa kimya, wakala ndiye mhakiki.

Orodha yangu ya pili imeanza na Bwana Msa. Kila kitabu kina sentensi mbili za maelezo, na mama yule alizikata mwenyewe kila alipoona zimerefuka. Nagona imebaki, mwisho kabisa, na juma lililopita nimesikia kwamba mtu mmoja ameiazima.