Majina ya Mzaha na Adabu ya Ulimi



Leo twataka kuzungumza nawe juu ya jambo ambalo huenda ukaliona dogo, nalo ni majina ya mzaha. Mfano wetu twautoa mbali, katika mchezo uliotoka Marekani mwaka 1974, uitwao Dungeons & Dragons. Waliotunga ni Gary Gygax na Dave Arneson. Siku hizi vijana huucheza pande nyingi za dunia, na pengine mwanao au mpwa wako aliye ng'ambo ni mmoja wao.

Mchezo wenyewe ni hivi. Watu hukaa mezani, na mmoja wao huwa msimulizi. Kila mmoja wa waliobaki hujibunia mtu wa hekaya, shujaa au mwizi au mlozi, akamwandikia sifa zake katika karatasi: nguvu zake kadha, akili zake kadha. Msimulizi husema, "Mbele yenu pana pango." Wachezaji hueleza watakalotenda, na dadu huamua kama limefaulu. Hukumu ya dadu, na ya kujishughulisha na hadithi za ulozi, waulizwe wanazuoni. Wengi wao wana maneno makali juu ya michezo ya dadu, na mzazi asiyapuuze. Sisi hapa twatazama majina.

Kwani mtu huyo wa karatasi sharti aitwe jina, na hapo ndipo kicheko kinapoanza. Luke, mtoto wa Gygax, alikuwa na mtu wake asiye na jina. Juu ya karatasi palikuwa na herufi M, alama ya mwanamume, na neno elf, jina la jamii ya viumbe wa hekaya. Vikasomwa pamoja, akawa Melf. Ernest, kaka yake, alizipangua herufi za jina lake mwenyewe, likatoka Tenser. Rafiki yao Jim Ward alilisoma lake kinyumenyume: Drawmij. Na Gygax mwenyewe aligeuza Gary, akapata Yrag.

Basi tazama yaliyofuata. Majina hayo ya mchezo wa nyumbani yaliingia vitabuni. Katika kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 mna maajabu yanayonasibishwa na Tenser na Drawmij, na Melf naye akapata lake. Waliokuja baadaye wakayasoma kwa heshima, wakidhani ni majina ya wazee wa kale! Mwaka 2000, kanuni za mchezo zilipotolewa ili wengine nao wazitumie, majina hayo yaliondolewa humo. Lakini wachezaji hawakuyasahau. Ndugu msomaji, neno la dakika moja limeishi zaidi ya miaka arubaini. Ndivyo jina lilivyo.

Sasa tuyapime. Majina haya twayaona mazuri kwa sababu mbili. Kwanza, mwenyewe ndiye aliyejichekea, hapana aliyeumizwa. Pili, mzaha ulikwisha upesi, na jina likabaki kufanya kazi yake. Ama wako wachezaji ambao mzaha wao haukomi. Humwita shujaa jina la upuuzi, kisha msimulizi anapoeleza mjane aliyechomewa nyumba na anayeomba msaada, shujaa hutaja jina lake, na meza nzima huangua kicheko. Huruma imekufa, na hadithi nayo imekufa. Hilo ni kosa la usanii kabla halijawa kosa la adabu.

Na liko baya kuliko hilo. Huja mgeni, kijana mwenye haya. Dadu humkataa mara tatu, na wenzake humbandika mtu wake jina la "Mwoga". Watasema, "Tumemcheka mtu wa karatasi." Lakini aliyeinamisha uso ni mtu wa nyama na damu.

Na hapa ndipo jambo linapoingia nyumbani kwetu. Mitaani mwetu mna Kengeza, mna Kiguru, mna Tumbo. Mtoto aliitwa hivyo alipokuwa na miaka saba. Leo ana wajukuu, na wajukuu wanalisikia. Wazee walisema: mzaha mzaha hutumbua usaha. Na Mwenyezi Mungu ametukataza wazi, katika Aya ya 11 ya Sura ya 49, kudharauliana na kuitana kwa majina ya kejeli.

Je, basi mzaha wote ni haramu? La. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akifanya mzaha, lakini hakusema ila kweli. Alimkuta Sayyidna Ali amelala msikitini, mwili umeingia vumbi, akamwita Abu Turab, yaani baba wa mchanga; na Ali akalipenda jina hilo kuliko majina yake mengine. Na mwanamke aliyekuwa akiitwa Asiya, yaani mwasi, alimbadilishia akamwita Jamila. Tazama mizani hiyo: jina la mzaha lililomfurahisha mwenyewe liliachwa, na jina lililobeba ubaya likaondolewa.

Mizani hiyo yatosha meza ya mchezo na baraza ya nyumba. Kabla hujamwita mtu jina la kuchekesha, jiulize: yeye atacheka? Akiitwa hivyo mbele ya mkwewe, ataitika kwa furaha? Na kama nyumbani mwako yuko mtoto ambaye jina lake halisi limeanza kusahauliwa kwa sababu ya kilema chake, mwite kwa jina lake leo, kwa sauti, wenzake wasikie. Jina jema hung'ara gizani.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie ndimi zetu. Amin.