Asali Ndani ya Dawa

Ashvaghosha alikuwa mshairi na mwanafalsafa wa Bara Hindi, aliyeishi yapata karne ya 1 au ya 2 baada ya Kristo. Mji wake ulikuwa Saketa. Masimulizi yasema alizaliwa katika ukoo wa Kibrahmani, kisha akaifuata dini ya Buddha na kuitumikia kwa kalamu. Aliandika juu ya maisha ya Buddha, lakini hapa nitaupima utenzi wake mwingine, Saundarananda, wenye sura 18.

Nanda, ndugu wa Buddha kwa baba, alimpenda mno mkewe Sundari. Siku moja alimwaga kwa ahadi ya kurudi kabla rangi ya uso wa mke haijakauka. Hakurudi. Buddha alimkabidhi bakuli lake, akamwongoza hadi utawani, akanyolewa nywele huku akilia. Alipozidi kumkumbuka mkewe, Buddha alimpeleka mbinguni akamwonyesha wanawake wa huko. Mara Nanda akamsahau Sundari, akafanya ibada kwa bidii ili awapate hao. Ananda, mwanafunzi wa Buddha, alimwaibisha: ibada yake ilikuwa biashara, na raha ya mbinguni nayo ina mwisho. Hapo ndipo alipoanza kutafuta uhuru wa kweli.

Dawa ya moto ni moto. Mshairi hakuidharau tamaa. Aliifanya ngazi, kisha akaiondoa ngazi. Huo ni ujuzi wa mwalimu amjuaye mwanafunzi wake.

Lakini Sundari je? Sura ya 6 yaeleza kilio chake kwa huruma kubwa, kisha mshairi amwacha. Mwishoni atajwa tu, kuwa naye ataufuata mfano wa mumewe. Kauli yake mwenyewe hatuisikii. Naiona hiyo kuwa dosari: wokovu wa mmoja umelipiwa na machozi ya mwingine, na hesabu haikufungwa.

Ashvaghosha akiri kwamba ushairi wake ni asali iliyotiwa katika dawa chungu ili inyweke. Mimi naona asali yake haikuwa ya kuficha uchungu tu. Asiyeujua utamu wa alichokiacha Nanda hawezi kujua thamani ya alichokipata. Basi, msomaji kijana, usiyaruke maneno matamu ukikimbilia funzo. Yasome yote, na machozi ya Sundari uyahesabu.